Mgeni Aliyelipia: Kujifunza Kihispania Ughaibuni Ukiishi na Familia Mwenyeji

SOMO LA TISA

Madhumuni ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, mlaji anatarajiwa:

(a) kuzitambua huduma tatu zilizofichika ndani ya bei moja ya "kozi na malazi";
(b) kuuliza maswali yanayofaa kabla ya kulipa;
(c) kupambanua baina ya desturi ya nyumba, anayopaswa kuiheshimu, na sharti la mkataba, analopaswa kulidai;
(d) kuzifahamu ngazi za malalamiko akiwa ugenini na akiwa nyumbani.

Utangulizi

Kihispania ni lugha rasmi katika nchi huru 20, mojawapo ikiwa Guinea ya Ikweta katika bara letu. Kwa mwongoza watalii wa Arusha au wa Unguja, kuwahudumia wageni kwa lugha yao ni njia ya kuongeza kipato. Kwa mfanyabiashara au mwanafunzi, ni mlango wa masoko na vyuo vingi. Aidha, msemaji wa Kiswahili anaianza safari hii akiwa na unafuu. Irabu tano za Kihispania, yaani a, e, i, o, u, zinakaribiana sana na zetu, na maneno kama meza na bendera, tuliyoyapokea kutoka kwa Wareno, yana ndugu zake katika Kihispania: mesa na bandera.

Kwa sababu hiyo wapo wanaokusanya akiba ya miaka, au mchango wa ukoo mzima, ili wakae Hispania kwa wiki kadhaa, wasome darasani asubuhi na kuishi katika nyumba ya familia ya huko. Mpango huu una faida kubwa: lugha haiishii ubaoni, huendelea mezani, jikoni na mlangoni. Lakini pia una ugumu wake wa pekee kwa mlaji. Huduma anayoinunua hutolewa ndani ya nyumba ya mtu, mahali ambapo malezi yetu yametufunza kunyamaza, kushukuru na kutokosoa. Somo hili linaeleza namna ya kubaki mgeni mwenye adabu bila ya kuacha kuwa mlaji mwenye haki.

Mifano mingi tumeitoa katika mji wa Salamanca, magharibi mwa Hispania, takriban kilomita 210 kutoka Madrid. Chuo Kikuu cha mji huo kilianzishwa mwaka 1218, na ufundishaji wa Kihispania kwa wageni ni shughuli kubwa ya mji. Kanuni zinazofuata hata hivyo zinafaa kwa mji wowote.

1. Bei moja, huduma tatu

Tangazo huonesha bei moja: "Wiki nne, kozi na malazi ya familia." Ndani ya bei hiyo mna huduma tatu, na kila moja inaweza kuwa na mtoaji wake.

Ya kwanza ni mafunzo, ambayo hutolewa na shule. Ya pili ni malazi na chakula, ambavyo hutolewa na familia; kwa kawaida familia hiyo hulipwa na shule, wala haipokei fedha mkononi mwa mwanafunzi. Ya tatu ni uwakala, yaani kazi ya mtu au kampuni inayokuunganisha na shule, kukuandalia barua na pengine kukusaidia maombi ya viza.

Kabla ya kulipa, mlaji aandike katika karatasi majina matatu: nani ananifundisha, nani ananilaza, nani amepokea fedha zangu. Kisha aulize swali moja kwa kila jina: jambo likiharibika hapa, nani atawajibika kwa maandishi? Wakala asiyeweza kukuonesha mkataba wenye jina la shule, anwani yake, tarehe za kozi na masharti ya malazi anakuuzia maneno matupu. Dai pia risiti halali ya kila senti unayolipa hapa nchini, ikionesha kilicholipiwa.

2. Lisome tangazo ukiwa na kalamu

Urefu wa kipindi. Shule nyingi huuza "vipindi 20 kwa wiki", lakini kipindi si lazima kiwe saa nzima. Kipo cha dakika 45, cha dakika 50 na cha dakika 55. Vipindi 20 vya dakika 45 ni dakika 900, sawa na saa 15. Vipindi 20 vya dakika 55 ni dakika 1,100, sawa na saa 18 na dakika 20. Tofauti ni saa 3 na dakika 20 kila wiki. Kwa wiki nne ni saa 13 na dakika 20. Kwa hiyo kozi mbili zenye bei moja na idadi moja ya vipindi zaweza kutofautiana kwa karibu wiki nzima ya masomo.

Sikukuu. Uliza iwapo vipindi vinavyoangukia siku ya mapumziko vitafidiwa. Hispania huadhimisha, miongoni mwa siku nyingine, tarehe 6 Januari, 12 Oktoba, 1 Novemba, 6 Desemba na 8 Desemba, mbali na siku za Juma Kuu kabla ya Pasaka. Miji nayo ina sikukuu zake. Salamanca ina tarehe 12 Juni na 8 Septemba. Anayenunua kozi ya wiki moja mwanzoni mwa Desemba anaweza kujikuta na siku tatu tu za darasa.

Kiwango kinachoahidiwa. Viwango vya lugha barani Ulaya hupangwa kwa herufi na tarakimu, kuanzia A1 kwa anayeanza hadi C2 kwa mahiri, kwa mujibu wa mfumo uliochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Taasisi ya mafunzo ya wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba msemaji wa Kiingereza huhitaji takriban saa 600 hadi 750 za darasani ili aweze kufanya kazi kwa Kihispania. Kozi ya wiki nne yenye saa 15 kwa wiki inatoa saa 60. Wiki nne zaweza kukupa msingi imara na ujasiri wa kuzungumza. Tangazo linalosema utarudi "umekamilika" linapaswa kukutia shaka.

Cheti. Cheti cha mahudhurio cha shule huthibitisha kwamba ulihudhuria. Diploma ya DELE ni kitu kingine: hutolewa na Instituto Cervantes, taasisi ya umma ya Hispania iliyoanzishwa mwaka 1991, kwa niaba ya Wizara ya Elimu ya nchi hiyo, baada ya mtihani wenye ada yake, na haina ukomo wa matumizi. Iwapo mwajiri wako anataka DELE, uliza kama ada ya mtihani imo katika bei na kama tarehe za mtihani zinawiana na tarehe za kozi. Taasisi hiyo pia huendesha mfumo wa kuzithibitisha shule. Shule inayodai kuthibitishwa nayo ihakikiwe katika orodha ya taasisi yenyewe, si katika karatasi ya wakala.

3. Viza na fedha

Raia wa Tanzania, Kenya na Uganda wanahitaji viza kuingia Hispania. Kwa kozi fupi, viza ya Schengen huruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila kipindi cha siku 180. Ombi haliwasilishwi mapema zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, na kwa kawaida halipaswi kuchelewa hadi zikabaki chini ya siku 15. Tangu Juni 2024 ada ya mtu mzima ni yuro 90, na hairudishwi ombi likikataliwa. Bima ya matibabu ya safari inatakiwa iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Kozi inayozidi siku 90 ina utaratibu wake wa viza ya masomo. Na aliyeruhusiwa kukaa zaidi ya miezi 6 hutakiwa kuomba kitambulisho cha mgeni, kiitwacho TIE, ndani ya mwezi mmoja tangu aingie.

Hapa ndipo penye hatari kubwa ya fedha. Mlaji wa nchi isiyohitaji viza akilipa, huwa na hakika ya kusafiri; sisi hatuna hakika hiyo. Kwa hiyo sharti moja litangulie masharti mengine yote: viza ikikataliwa, nitarejeshewa kiasi gani, baada ya siku ngapi, na kwa ushahidi gani? Jibu liwe ndani ya mkataba. Usikubali maneno kama "huwa tunarudisha" au "haijawahi kutokea". Vivyo hivyo, usinunue tiketi ya ndege isiyorejeshewa fedha kabla ya viza kutoka.

Malipo yafanywe kwa akaunti yenye jina lilelile lililo katika mkataba. Namba ya akaunti ya benki ya Hispania, iitwayo IBAN, huanza na herufi ES na huwa na herufi na tarakimu 24 kwa jumla. Ukipokea barua pepe ya ghafla inayosema kwamba "akaunti imebadilika", usilipe kabla ya kuipigia shule simu kwa namba uliyoipata mapema kwa njia nyingine. Wezi wa mtandaoni hupenda kuingia katikati ya mazungumzo kama hayo, na fedha iliyokwisha kutumwa ng'ambo ni ngumu kuirudisha.

4. Maswali kuhusu familia

Fomu ya malazi huonekana nyepesi, na wengi huijaza kwa haraka. Huo ni ukurasa wenye thamani kubwa kuliko yote. Ujaze kikamilifu, ubaki na nakala, na uyapate majibu ya maswali haya kwa maandishi:

(a) Chumba ni changu peke yangu? Kina meza ya kusomea na kifaa cha kuongeza joto?
(b) Milo mingapi? Neno pensión completa humaanisha milo mitatu kwa siku; media pensión humaanisha kifungua kinywa na mlo mmoja mwingine. Je, Jumapili pia?
(c) Nyumba iko umbali gani na shule, kwa miguu au kwa basi, na nauli ni ya nani?
(d) Kuna wanafunzi wengine wangapi, na wanazungumza lugha gani? Nyumba yenye wanafunzi wanne wanaoelewana kwa Kiingereza itakufundisha Kiingereza.
(e) Familia huzungumza lugha gani nyumbani? Swali hili ni la lazima kwa miji kama Barcelona na Valencia, au majimbo ya Galicia na Basque, ambako lugha nyingine ni rasmi pamoja na Kihispania. Hakuna kosa lolote kwa familia kuzungumza lugha yake. Ni mnunuzi anayepaswa kujua anachonunua.
(f) Nguo zitafuliwa mara ngapi, na nani atazifua? Intaneti imo katika bei?
(g) Nisiporidhika, naweza kubadilishiwa familia? Kwa sababu zipi, na kwa taarifa ya siku ngapi?

Kuhusu chakula, eleza kwa ukamilifu. Nyama ya nguruwe ni ya kawaida katika mapishi ya Hispania, na mafuta yake hutumika hata katika baadhi ya vitamutamu. Mwislamu asitosheke na kusema kwamba hali "carne", kwa kuwa wapo wanaoielewa kuwa nyama nyekundu tu, wakaona si vibaya kuongeza vipande vya jamón. Aandike waziwazi: hali nguruwe, hali jamón, hali mafuta ya nguruwe. Anayetarajia kufunga Ramadhani akiwa huko aitaarifu shule mapema, ili familia ijue saa za daku na futari kabla ya kumpokea. Mwenye mzio wa karanga, samaki au maziwa aandike jina la mzio wake kwa Kihispania na alibebe katika pochi.

5. Saa yao na saa yetu

Jambo hili ni dogo kulitazama, lakini limewahi kumkosesha msafiri mlo na kipindi. Saa ya Kihispania haihesabiwi tangu kuchomoza kwa jua. Mwenyeji akisema chakula cha mchana ni a las dos, "saa mbili" hiyo ni saa nane mchana kwa hesabu ya Kiswahili. Akisema chakula cha usiku ni a las nueve y media, ni saa tatu na nusu usiku. Katika ratiba iliyoandikwa utaiona kama 21:30. Darasa la 9:00 ni saa tatu asubuhi.

Zingatia pia kwamba mlo mkuu wa Hispania ni wa mchana, saa nane hadi saa tisa, na mlo wa usiku huja kuanzia saa tatu, aghalabu ukiwa mwepesi. Kifungua kinywa ni kidogo: kahawa na mkate uliopakwa mafuta ya zeituni na nyanya humtosha mwenyeji. Aliyezoea uji na viazi asubuhi asidhani amenyimwa. Hivyo ndivyo nyumba nzima inavyokula.

Kwa mawasiliano na nyumbani, Hispania iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili wakati wa majira yao ya baridi, na kwa saa moja wakati wa majira yao ya joto.

6. Desturi na mkataba

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii inamhusu mgeni aliyekuja kula jasho la wengine. Mwanafunzi aliyelipia malazi ni mgeni wa aina nyingine: jembe lake alilishika kabla ya kuja, alipokuwa akiitafuta fedha. Anastahili alichokilipia siku ya kwanza na siku ya thelathini vilevile.

Hata hivyo si kila kisichotupendeza ni kasoro ya huduma. Mlaji ajiulize: hili ni desturi ya nyumba, au ni sharti lililovunjwa? Mifano ifuatayo itasaidia.

Joto la chumba. Salamanca iko takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Januari ni wa baridi kali. Familia nyingi hupunguza au huzima joto wakati wa kulala kwa sababu ya gharama. Hiyo ni desturi, na dawa yake ni kuomba blanketi jingine. Lakini chumba kisichopata joto kabisa mchana na usiku, ilhali mkataba unasema kina joto, ni huduma pungufu.

Maji ya moto. Kuombwa uoge kwa muda mfupi ni desturi. Mtungi wa maji ya moto huwa na ukomo na wengine wanasubiri. Kuambiwa uoge mara mbili tu kwa wiki, bila ya sharti hilo kuandikwa popote, ni jambo la kuhojiwa.

Chakula. Kula dengu usipozizoea ni desturi. Kukosa chakula cha usiku mara tatu kwa wiki, ilhali umelipia pensión completa, ni uvunjaji wa mkataba. Orodhesha tarehe.

Mazungumzo. Kwamba wenyeji wanasema haraka, kwa sauti ya juu, wakikatizana, na kwamba watakuita tú badala ya usted tangu siku ya kwanza, ni desturi, na haina dharau ndani yake. Kwamba hakuna mtu nyumbani tangu asubuhi hadi usiku, wiki nzima, na chakula chako kinaachwa kwenye jokofu, ni jambo la kuijulisha shule, kwa sababu ulilipia mazingira ya lugha pamoja na kitanda.

Kazi. Kuondoa sahani yako mezani, kutandika kitanda na kuacha bafu likiwa safi ni adabu inayokutazamiwa popote. Kutakiwa uwaangalie watoto kila jioni au usafishe nyumba ni kazi. Mpango wa kijana anayelea watoto ili apate malazi upo, lakini una masharti yake na makubaliano yake. Haupaswi kuchipuka kimyakimya ndani ya kozi uliyoilipia.

Pasipoti. Familia haina sababu ya kuishika pasipoti yako. Mpe anayehitaji nakala, nayo yenyewe ibaki kwako.

7. Siku mbili za mwanzo

Ushahidi mzuri ni ule unaokusanywa mapema. Safari yenyewe ianze na bahasha moja katika mkoba wa mkononi: mkataba, barua ya shule, anwani na simu ya familia, hati ya bima, tiketi ya kurudi na uthibitisho wa fedha za matumizi. Viza pekee haimlazimishi ofisa wa mpakani kukuruhusu kuingia. Anaweza kukuuliza unakwenda kulala wapi na kusoma wapi. Beba pia kiunganishi cha plagi, kwa kuwa soketi za Hispania ni za pini mbili za mviringo. Nguvu ya umeme haitofautiani na yetu.

Siku ya kwanza, msalimu mwenyeji, pumzika, kisha kikague chumba kwa kuilinganisha fomu na hali halisi. Piga picha za chumba chako, hasa kitu kilichovunjika kabla hujakitumia. Uliza saa za milo, matumizi ya jiko, siku ya kufua, ufunguo, na iwapo mgeni wako anaweza kukutembelea.

Siku ya pili, muone mtu wa shule anayeshughulikia malazi, hata kama yote ni mema. Mfahamu jina na muda wake wa kazi. Kasoro ukiiona, iseme siku hiyo. Mwanafunzi aliyevumilia wiki tatu na kulalamika katika wiki ya nne huulizwa kwa nini hakusema, na shule haina tena muda wa kurekebisha wala yeye hana muda wa kufaidi.

8. Ngazi za malalamiko

Ngazi ya kwanza ni mwenyeji mwenyewe, kwa upole na faragha. Mengi huishia hapo, kwa sababu mengi ni kutoelewana.

Ngazi ya pili ni shule, kwa maandishi. Barua pepe fupi inatosha: tarehe, jambo lililoahidiwa, jambo lililopo, na unachotaka kifanyike. Mpelekee nakala wakala wako.

Ngazi ya tatu ni mamlaka za huko. Watoa huduma nchini Hispania huwa na fomu rasmi za malalamiko ziitwazo hojas de reclamaciones, ambazo mteja ana haki ya kuziomba. Nakala moja hubaki kwake. Aidha, halmashauri nyingi za miji zina ofisi ya kumshauri mlaji, iitwayo OMIC, na ushauri wake ni wa bure. Haki hiyo haiulizi uraia wa mlaji.

Ngazi ya nne ni nyumbani. Wakala anayefanya biashara Tanzania anabanwa na Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inayokataza mwenendo wa kupotosha na kauli za uongo kuhusu bidhaa na huduma. Aliyekuuzia "chumba cha peke yako" huku akijua ni cha watu watatu anaweza kulalamikiwa mbele ya mamlaka za hapa. Shule iliyoko ng'ambo ni ngumu kuifikia kutoka hapa, na ndiyo maana ngazi ya tatu haifai kurukwa ukiwa ungali huko.

Yapo mambo yasiyosubiri ngazi. Ukitishwa, ukishikwashikwa au ukijihisi huna usalama, toka katika nyumba hiyo kwanza. Namba ya dharura kote Hispania ni 112. Namba 016 huwahudumia bila malipo wanawake waliofanyiwa ukatili, kwa lugha mbalimbali. Namba ya ubalozi wa nchi yako unaoshughulikia Hispania iandikwe kabla ya safari.

9. Sentensi za kukariri kabla ya kuondoka

¿A qué hora se cena? – Chakula cha usiku ni saa ngapi?
No como cerdo, ni jamón, ni manteca de cerdo. – Sili nguruwe, wala jamón, wala mafuta ya nguruwe.
Soy alérgico a los cacahuetes. – Nina mzio wa karanga. (Mwanamke husema alérgica.)
¿Me puede dar otra manta, por favor? – Naomba blanketi jingine, tafadhali.
La calefacción no funciona en mi habitación. – Kifaa cha joto chumbani mwangu hakifanyi kazi.
Quisiera cambiar de familia. – Ningependa kubadilishiwa familia.
¿Me puede dar una hoja de reclamaciones? – Naomba fomu ya malalamiko.

Sentensi hizo ni za heshima zote. Anayezitamka kwa sauti ya utulivu hamvunjii mwenyeji wake adabu; anamwezesha kutimiza alicholipwa kukifanya.

Maswali ya kujipima

1. Shule A inauza vipindi 20 vya dakika 50 kwa wiki. Shule B inauza vipindi 18 vya dakika 60. Ipi ina muda mrefu wa masomo, na kwa kiasi gani?

2. Mwanafunzi amelipia media pensión. Mwenyeji anampa kifungua kinywa na chakula cha usiku, lakini hampi cha mchana. Je, ana haki ya kulalamika?

3. Wakala anakwambia kwamba viza ikikataliwa "tutazungumza". Utafanya nini kabla ya kulipa?

4. Mwenyeji anakuomba, kwa tabasamu, umchukue mtoto wake shuleni kila siku saa kumi jioni. Ni desturi au ni kazi? Utamjibuje bila ya kuvunja uhusiano?

Majibu kwa ufupi

1. Shule B, kwa dakika 80 kila wiki: dakika 1,080 dhidi ya dakika 1,000.

2. Hana, kwa kuwa amepata milo miwili aliyoilipia.

3. Dai sharti la kurejeshewa fedha liandikwe katika mkataba pamoja na kiasi na muda wake, likikosekana, usilipe.

4. Ni kazi, kwa kuwa ni ya kila siku. Mshukuru kwa kukuamini, mweleze kwamba saa hiyo umeipangia masomo, na jambo likirudiwa lifikishe kwa mhusika wa malazi shuleni.